Sisi Tuliopangiwa Mbinga

Kizazi chetu hakikuchagua mahali pa kufanyia kazi. Tulimaliza vyuo vya ualimu, uuguzi, kilimo na ushirika katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha, tukangoja barua, na barua ilipofika ikataja wilaya ambayo wengi wetu tulikuwa tumeiona kwenye ramani tu. Mimi ni mzaliwa wa Buhaya, na barua yangu ilitaja Mbinga. Ilitajwa pia kwenye barua ya mwenzangu wa Upare, ya mwingine wa Usukuma, na ya binti muuguzi wa Tanga ambaye hakuwahi kuhitaji sweta maishani mwake. Sikumbuki aliyeuliza kwa nini. Tulielewa kwamba nchi changa iliyotusomesha kwa jasho la wakulima ilikuwa na haki ya kutupeleka kwa wakulima, popote walipo. Leo wengi wa wenzangu wamezikwa Mbinga, Kigonsera, Litembo na Liuli, mbali na makaburi ya baba zao, na sisi tuliobaki tunahesabika. Naandika kwa niaba yao. Nawaandikia ninyi vijana mliozaliwa katika milima hii na kando ya ziwa hili, na ninyi pia mnaoletwa huku sasa kwa barua kama zetu. Mwenyeji huzoea kilicho mbele ya macho yake mpaka akaacha kukitazama. Mgeni aliyekaa na kuzeekea ugenini ana wajibu wa kukisema.

Safari yenyewe ilikuwa somo la kwanza. Kutoka Bukoba tulivuka ziwa usiku kwa meli hadi Mwanza, tukapanda treni ya kupita Tabora hadi Dar es Salaam, kisha basi la kupanda Iringa, Makambako na Njombe, barabara ikiwa vumbi jekundu wakati wa kiangazi na tope la kumeza magurudumu wakati wa mvua. Basi la wengi lilikoma Songea. Kilomita zipatazo 100 zilizobaki tulizimaliza tumekaa juu ya magunia katika malori, na kutoka Mbinga kwenda shule za milimani, Langiro, Maguu, Mpapa, Litembo, tulitembea kwa miguu, kitanda na sanduku vikibebwa vichwani na watu tusiowajua, ambao hawakutaka malipo. Lami ya kutoka Makambako ilifika Songea miaka ya 1980. Ile ya Mbinga ikasubiri hadi karne hii, na ya kuteremkia Mbamba Bay imekamilika juzijuzi tu. Kijana akitoka Songea alfajiri leo, jua halijafika utosini yuko ufukweni. Lami hiyo mimi naishukuru kuliko anavyoweza kuishukuru yeye, kwa kuwa nawakumbuka akina mama waliobebwa kwa machela kwenda kujifungua na hawakufika. Hata hivyo mwendo ule wa taratibu ulitujenga. Ukipanda mlima siku nzima nyuma ya mtu aliyejitwika kitanda chako, huwezi kufika kwake ukiwa bwana mkubwa.

Tulipofika, kilichotunyamazisha ni miteremko. Nilikotoka mimi, shamba ni kibanja tambarare chenye migomba, mibuni na maharage vikiishi pamoja kivulini, na nyumba katikati. Hapa niliona mlima mkali, wa kumtia kizunguzungu anayeusimamia, umelimwa toka bondeni hadi karibu na kilele, na uso wake wote umejaa mashimo ya mraba yaliyopangika kama sega la nyuki. Ndiyo ngolo, kilimo cha mashimo cha Wamatengo, wenyeji wa milima hii. Ilinichukua muda kuelewa hekima iliyomo. Mwezi Machi, mvua zikiwa bado zipo, nyasi hufyekwa na kuachwa zinyauke. Kisha hulazwa kwa mistari inayokatana, ya kushuka na ya kukingama, hata mlima ukagawanyika kuwa miraba. Udongo wa ndani ya kila mraba huchimbwa na kufunika zile nyasi, ukawa matuta manne yenye shimo katikati, na juu ya matuta hupandwa maharage. Maharage yakivunwa wakati wa kipupwe, mabua na magugu hutupwa mashimoni yaoze. Mvua mpya zikirudi mwishoni mwa mwaka, mahindi hupandwa juu ya matuta yaleyale. Maji ya mvua kubwa badala ya kukimbia na udongo hutua mashimoni, hujinywesha ardhini polepole, na mlima hubaki mahali pake. Nimeshuhudia mvua zikibomoa barabara zilizojengwa na wahandisi, na asubuhi yake mteremko wa ngolo ulio juu ya barabara hiyohiyo hauna hata ufa.

Ustadi huo ulinunuliwa kwa dhiki. Katikati ya karne ya 19 Wangoni walipoingia nchi ya Songea kwa vita, watu wa sehemu hizi walikimbilia juu, kwenye majabali na mapango ya Litembo, na humo wakabanana katika ardhi ndogo yenye miinuko mikali. Aliyetaka kuishi ilimbidi alime mlima, na aliyelima mlima vibaya alimwona mwanawe akilala njaa mwaka uliofuata. Mwaka 1902 walipoinuka dhidi ya Wajerumani walipigwa hapohapo Litembo, damu ikamwagika penye majabali yaliyokuwa kinga yao. Bado walirudi kwenye matuta yao. Watawala waliokuja baadaye, ambao kwingine walizoea kuwalazimisha watu wachimbe makinga maji kwa amri na faini, hapa walikuta wenyeji wametangulia. Mwaka 1938 afisa wa Kiingereza, A. H. Pike, aliandika makala katika jarida la Tanganyika Notes and Records kuhusu Wamatengo wanavyohifadhi udongo. Na katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, kutoka Japani, walikuja pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakapima miteremko, maji na mavuno, wakakaa na wakulima miaka kadhaa. Nawataja ili kijana wa Mbinga ajue kwamba watu wametoka upande wa pili wa dunia kuja kusoma kwa bibi yake asiyejua kuandika jina lake.

Nimesema bibi, na nimekusudia. Kwa desturi mwanamume hufyeka na kupanga nyasi. Kuchimba ni kazi ya mwanamke. Kila tuta linalosifiwa katika vitabu limefunikwa kwa jembe la mama aliyeinama mteremkoni tangu umande haujakauka, mtoto mgongoni, akirudi jioni na mzigo wa kuni. Wanafunzi wangu walinyonya maziwa ya akina mama hao, na ada na sare zao zilitoka katika migongo hiyo. Tukiusifu urithi wa Umatengo bila kumtaja aliyeulipia tunakuwa waongo. Wenzangu waliokuwa mabwana shamba walijua hilo mapema: ukitaka habari za kweli za udongo, mwulize mwenye jembe. Na ningependa vijana wa kiume wa leo waione mizani hiyo kwa jicho kavu. Kuhifadhi ngolo hakuwezi kumaanisha kuwahifadhi mama zenu katika uchovu uleule. Kama mlima ni wa wote, jembe nalo ni la wote.

Cha pili tulichojifunza ni kula. Katika nyumba nyingi za Umatengo wa zamani hizo palikuwa na sengu. Wanaume na wavulana wa ukoo mmoja walikusanyika kwa mzee wao, kila mke akaleta alichopika, vyungu vikawekwa pamoja na wote wakala, yule ambaye mkewe alivuna vizuri na yule ambaye ghala lake lilikuwa tupu, na mtoto wa mjane akala sawa na mtoto wa mwenye mji. Baada ya kula mzee aliuliza habari za siku. Aliyemtukana jirani alisemwa hapo. Aliyetaka kuoa alisikilizwa hapo. Kijana mvivu hakupigwa kelele. Aliulizwa mbele ya watu wote lini atamaliza kufyeka sehemu yake, na jibu lake likawekwa akilini na kila aliyesikia. Sisi walimu vijana, wageni tusio na ukoo milimani, tulivutwa tukakaa katika miduara hiyo, tukapewa nafasi ya mtoto wa kiume. Nilikuwa nimesoma saikolojia ya malezi chuoni; malezi yenyewe niliyaona katika sengu. Kahawa ilipoleta fedha na vijiji vilipopangwa upya, familia zilitawanyika, kila mtu akala kwake na mlango umefungwa. Lakini mbegu haikufa. Watu wa Kindimba walipojenga mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji ya mto, wakishirikiana na watafiti niliowataja, kamati ya kuisimamia waliiita Sengu. Hawakuokota jina kutoka semina yoyote. Walirudi kwa babu zao kutafuta namna ya kuaminiana, wakaikuta.

Kahawa nilidhani naijua, kwa kuwa nimezaliwa katika mibuni. Lakini ya kwetu Buhaya kwa sehemu kubwa ni robusta, huanikwa na ganda lake na kuuzwa. Ya Mbinga ni arabika, na arabika humdai mkulima kazi ya mwaka mzima. Huchumwa tunda moja moja lililoiva, humenywa kwa mashine ya mkono siku hiyohiyo, huloweshwa ili utelezi utoke, huoshwa, huanikwa juu ya vichanja na kugeuzwageuzwa, na wingu likitokea familia nzima hukimbia kuifunika. Wakulima wa huku waliianza katika miaka ya 1920 na 1930, wakaipanda karibu na nyumba na kuiacha milima iendelee kutoa chakula, hata bei ilipoanguka mtu hakukosa ugali na maharage. Hesabu hiyo iliwaokoa mara nyingi. Baridi kali iliua mibuni ya Brazil mwaka 1975, na misimu iliyofuata bei ikapanda, bati zikang'aa milimani na watoto wakaja shuleni na viatu. Mwaka 1989 makubaliano ya dunia ya kugawana soko yalivunjika, bei ikaporomoka. Msimu wa 1994/95 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, ushirika ukayumba, na wapo wazee waliotoa kahawa wakangoja malipo mpaka wakaingia kaburini. Nimewaona wakulima wakishika mashoka waing'oe mibuni, kisha wakayaweka chini. Kituo cha utafiti cha Ugano kilipowaletea miche inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, waliochimba mashimo ya kwanza walikuwa wazee wenye umri wa kupumzika. Walipanda mti wa miaka mingi wakijua hawatakuwapo kuuvuna kwa muda mrefu.

Miaka yetu wenyewe haikuwa laini. Kusini kwetu Msumbiji ilikuwa vitani na Wareno hadi mwaka 1974, na watu wa mpakani walilala masikio wazi. Wakimbizi walifika na watoto na vyungu, na wenyeji wakawakatia sehemu ya shamba. Mwaka 1970 taifa lilitangaza elimu ya watu wazima, na baada ya kufundisha watoto asubuhi tulifundisha wazazi wao jioni katika madarasa ya ngumbaru, taa ya chemli ikizungushwa ili kila mmoja aone herufi zake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitukusanya mbele ya redio, na asubuhi yake tukachimba vyoo. Azimio la Musoma la 1974 likataka kila mtoto aingie shule. Vyumba havikuwapo, tukavijenga, wazee wakifyatua matofali na wanafunzi wakiteka maji. Kisha vita vya Kagera, kwetu mimi, vikaja na kupita, vikafuatiwa na miaka ya dukani hakuna kitu. Sabuni ilikuwa hadithi, sukari ilikuwa ya mgonjwa, chaki zilipokwisha tuliandika ubaoni kwa vipande vya muhogo mkavu. Mshahara ulichelewa, na hakuna mwalimu niliyemjua aliyelala na njaa kwa sababu hiyo. Asubuhi mtu alikuta mlangoni debe la mahindi au kikapu cha maharage, na aliyeweka hakutajwa. Ndiyo maana nasema kwa fahari kidogo, na fahari hiyo naamini ni halali: tulivumilia, na kuvumilia kwetu kulilishwa na watu ambao nao walikuwa hawana.

Wengine wetu walihamishiwa chini, ziwani, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Kutoka baridi ya Mbinga unateremka, masikio yakaziba na kuzibuka, hewa ikapata joto, na ghafla Nyasa imetanda mbele yako, na milima ya Malawi ng'ambo kwa mbali. Nilikuwa mtoto wa ziwa, lakini ziwa langu ni pana na kina chake ni kifupi. Hili ni jembamba na refu, na kina chake kinapita mita 700. Hakuna ziwa jingine duniani lenye aina nyingi za samaki kulishinda. Watu wa Lituhi, Liuli, Mbamba Bay na Chiwindi wameishi nalo kwa adabu. Usiku usio na mbalamwezi mitumbwi hutoka na taa, zamani karabai, siku hizi za sola, na ufuo wote hutazama nuru zile zikitawanyika majini kuwafuata usipa, samaki wadogo wa ziwa hili. Asubuhi mchanga hufunikwa na usipa waliotandazwa, na harufu yake huingia hata darasani. Upepo wa mwera ukianza kuvuma kutoka kusini hakuna kijana anayejivuna. Mzee husema leo hapana, na mitumbwi hubaki nchi kavu hata kama nyumbani kuna njaa. Chakula ni kondowole, ugali wa muhogo, kwa samaki mbasa au usipa, na mgeni hupewa kipande chake kabla ya mwenye nyumba. Milima na ziwa havikuwahi kuwa nchi mbili. Tangu zamani usipa mkavu ulipanda mlima na maharage yakashuka, na ndoa zikafuata njia hiyohiyo. Wilaya ya Nyasa ilipokatwa kutoka Mbinga mwaka 2012, mipaka ilihama kwenye karatasi. Mashemeji walibaki mashemeji.

Liuli yupo mgeni aliyetutangulia, na kaburi lake tulilizoea. William Percival Johnson alimaliza masomo Oxford akajiunga na misheni ya Kianglikana ya UMCA mwaka 1876, akaja Nyasa akiwa kijana. Alizunguka vijiji vya ufuoni kwa miguu na kwa meli ya misheni zaidi ya miaka 40, macho yakimdhoofika hadi akakaribia upofu, akatafsiri Biblia katika Kinyanja, na mwaka 1922 kikachapwa kitabu chake kuhusu ziwa na watu wake. Alifariki Liuli mwaka 1928 akazikwa huko. Wajerumani walikuwa wameiita bandari hiyo Sphinxhafen kwa ajili ya jabali lililosimama majini, lililowakumbusha sanamu la Misri. Na hapo, Agosti 1914, meli ya Waingereza iliishambulia meli ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu, vita vya wazungu vikalifikia ziwa ambalo halikuwa na ugomvi wao. Nilipenda kuwapeleka wanafunzi wangu mahali hapo na kuwaonyesha wageni wa aina mbili. Mmoja alikuja na mzinga, akabandika jina, akaondoka. Mwingine alikuja na imani yake, na mnaweza kubishana naye katika mengi, lakini alijifunza lugha, alikula alichopewa, alizeeka hapa, na watu walimlilia. Misheni za Wabenediktini huko juu, Kigonsera tangu 1899 na Litembo baadaye, nazo zina makaburi ya namna hiyo, ya mabruda na masista waliotibu na kufundisha hadi mikono ikatetemeka. Kizazi chetu, ingawa tulikuwa Watanzania na tulitumwa na serikali yetu wenyewe, tulipimwa na wenyeji kwa kipimo hichohicho: umekuja kukaa, au umekuja kupita?

Na walitupima pia penye ngoma. Jumapili ya baada ya mavuno, mganda ulichezwa ziwani, vijana wa kiume wamejipanga safu kwa safu, wamevaa nyeupe iliyopigwa pasi ya mkaa, wakikanyaga kwa hatua za kijeshi ambazo babu zao waliziona katika magwaride ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakazichukua wakazitia mdundo wao. Wanawake walicheza kioda, kwa sare, kwa utulivu na heshima kubwa, wakiimba habari za kijiji ambazo hakuna mkutano ungethubutu kuzisema. Kijiji kilikwenda kushindana na kijiji kingine kwa mitumbwi au kwa miguu, kikapokelewa, kikalishwa, na mwaka uliofuata mwenyeji naye akawa mgeni. Vazi la mganda halikununuliwa siku ya ngoma. Kijana aliuza usipa miezi mingi, akalinunua mapema, akalifua, akalikunja. Nilielewa hapo kwamba watu hawa, walionyang'anywa mengi na wakoloni, wafanyabiashara na mabadiliko ya bei, hawakukubali kunyang'anywa unadhifu wao.

Sasa ninyi vijana. Sitawaambia kwamba wakati wetu ulikuwa bora, kwa kuwa niliwazika watoto wa wakati wetu kwa surua na kuhara. Mnasoma zaidi yetu. Mnajua bei ya kahawa ya dunia kwenye simu kabla karani wa chama cha ushirika, AMCOS, hajafungua mizani, na hakuna anayeweza kuwadanganya kama walivyodanganywa baba zenu. Zahanati zipo karibu, umeme umefika vijijini, malori ya makaa ya mawe yanapita usiku na mchana, na bodaboda inapanda mlima tulioupanda kwa saa nyingi. Lakini naziona pia shida zenu, na sizibezi. Sisi tulipomaliza chuo kazi ilitungoja. Ninyi mnamaliza mkiwa na vyeti viwili na mnaitafuta kazi miaka. Ardhi yetu haikuwa imegawanywa vipande. Yenu baba ameigawa kwa wana sita. Samaki wetu walikuwa wengi. Ninyi mnatupa nyavu zenye macho madogo kwa sababu wakubwa wameisha. Kwa hiyo ninapoona mteremko wa ngolo umeachwa ukarudi kichaka, na kijana amekwenda nyanda za chini kulima kwa mbolea ya dukani, sina ulimi wa kumlaumu. Nina ombi tu: aliyeondoka akijue alichokiacha, ili siku mbolea ikipanda bei na mvua zikibadilika tabia, akumbuke kwamba nyumbani kwao palikuwa na elimu iliyokwisha kufanyiwa majaribio kwa zaidi ya karne.

Kwenu mnaoletwa huku na barua, walimu, waganga na maafisa ugani wa leo, nasema kama mzee aliyetangulia njia. Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pokeeni jembe. Msiandike barua ya kuomba uhamisho kabla hamjaona mwaka mzima, maharage ya Machi, kipupwe cha Juni na ukungu wake, uchumaji wa kahawa, mahindi ya mvua za mwisho wa mwaka. Jifunzeni kuamkia kwa lugha ya mahali, hata mkikosea. Watawacheka siku ya kwanza na kuwakaribisha siku ya pili. Mkialikwa msibani nendeni na mkae usiku, kwa sababu huko ndiko watu huamua nani ni wao. Na mnapofundisha, anzeni kwa kuuliza. Hakuna mtoto wa Umatengo anayefika darasa la kwanza bila kujua pembe za mraba, na hakuna mtoto wa Unyasa asiyejua majira ya upepo. Mwalimu anayejenga juu ya hayo anajenga juu ya mwamba.

Na kwenu wenye nchi, wajukuu wa waliotubebea vitanda. Wazazi wenu hawakuwa na nguvu ya fedha wala ya serikali, lakini walishika mlima usiporomoke na walilisha wageni miaka ya njaa, na mambo hayo mawili yanatosha kuwaweka miongoni mwa watu wakubwa wa nchi hii. Yaandikeni wenyewe, kwa majina ya vijiji vyenu na ya wazee wenu, wakati wangali hai wa kuulizwa. Mwezi Machi ukifika, yeyote kati yenu aliyeko likizo achukue jembe apande mteremkoni na bibi yake, achimbe udongo naye safu kwa safu, mpaka mikono yake ijue jambo ambalo daftari haliwezi kumfundisha. Sisi tuliopangiwa Mbinga tulipewa bila kustahili urithi ambao ninyi mmezaliwa nao. Tuliufanyia kazi kwa kadiri ya nguvu zetu, na deni letu kwa wazazi wenu tumelilipa kwa kuwasomesha ninyi. Linalofuata ni lenu.